Msasa na Majiko Matatu

Saa kumi na moja alfajiri nyumba ile huwa imeshaamka. Mama wa nyumba anapiga pasi sare yake ya kazi. Binti yao anatafuta soksi moja, ile ambayo hupotea kila siku. Bibi yuko kitandani, anakohoa kwa makusudi ili watu wajue kwamba yuko macho na anasubiri uji. Vidonge vyake havimezwi tumbo likiwa tupu.

Jikoni yuko baba wa nyumba, amejifunga taulo kiunoni, anakoroga.

Mtaani wanamwita Msasa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa mageti. Alichomelea, alisugua, alipaka rangi. Geti lake ungelipapasa usiku na mchana usione kovu. Kisha mgongo ukagoma. Daktari akamwambia asiinue chuma tena. Mkewe akatafuta kazi, akaipata kwenye kiwanda cha kushona sare. Akawekwa msimamizi wa zamu. Wakakubaliana: mke aende kazini, mume ashike jiko.

"Jikoni kuna nini cha ajabu?" Msasa alisema siku hiyo. "Moto naujua tangu sijaota ndevu."

Moto aliujua kweli. Kusafisha jiko ndiko hakukujua, na hakujua kwamba hajui. Huo ndio ujinga mbaya kuliko wote.

Kazi ya mkewe ilikuwa na sharti moja gumu. Miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Ukichelewa mara tatu katika miezi hiyo, unafungasha virago. Basi la kiwanda hupita barabarani saa kumi na mbili kamili. Likishapita, limepita. Halimsubiri mtu hata awe ameshika mlango.

Wiki ya pili ya kazi, uji ulifurika kwenye jiko la gesi. Ukaungua, ukaganda kama saruji. Msasa akasema leo atalisafisha jiko kifundi. Akang'oa vichwa vya moto, akavipeleka uani. Akachukua brashi ya waya na kipande cha msasa. Akasugua mpaka vikang'aa kama meno ya bandia. Unga wa chuma na masizi ukaingia kwenye vile vitundu vidogo vinavyotoa moto. Hakuuona. Kisha akalimwagia jiko maji kwa kopo, akavirudisha vichwa vikiwa vimelowa. Kimoja kilikaa upande kama kofia ya mlevi.

Kesho yake alfajiri akawasha. Moto ukatoka wa njano, upande mmoja tu, na masizi juu. Uji haukuchemka. Msasa akaenda kumpelekea Bibi, mama yake, maji. Huku nyuma moto ukazimika, gesi ikaendelea kutoka.

Binti akaingia jikoni. "Baba, moto umezimika! Niwashe?" Akashika kiberiti.

Mke wa Msasa alinusa gesi kutoka chumbani. Akatoka mbio. "Weka kiberiti chini! Usiguse swichi yoyote! Toka nje!"

Akafunga gesi kwenye mtungi. Akafungua dirisha na milango yote miwili. Wote wakasimama uani, Bibi amefunikwa shuka, mpaka harufu ikaisha kabisa. Kisha uji ukaenda kupikwa kwa jirani.

Basi lilikuwa limeshapita.

"Mara ya kwanza hiyo," mkewe alisema.

"Jiko lenyewe bovu," alisema Msasa.

"Jana lilikuwa zima."

Wakatoa jiko la zamani la umeme, lililokaa miaka chini ya kitanda. Lilikuwa la koili moja, ule waya mnene uliojizungusha kama nyoka aliyelala. Lilikuwa limejaa mafuta na vumbi. Msasa akaichomoa koili, akailaza usiku kucha kwenye beseni la maji ya sabuni.

"Baba, hiyo si ya umeme?" binti akauliza.

"Chuma ni chuma," alisema Msasa. "Nenda kafanye kazi ya shule."

Alfajiri akaifuta juujuu kwa taulo, akaichomeka, akawasha.

Paa!

Nyumba nzima ikawa giza. Chumbani, mkewe alikuwa amepiga pasi nusu ya blauzi. Akatoka na mshumaa mkononi.

"Angalia," alisema. "Nusu imenyooka, nusu kama uso wa bibi."

"Nimesikia!" Bibi akapaza sauti kutoka chumbani kwake. "Na uji wangu uko wapi?"

Fundi wa umeme alikuja saa mbili, basi limeshapita zamani. Msimamizi mkuu wa kiwanda hakutaka hadithi ya koili. Alimwandikia mke barua ya onyo. Mara ya pili. Imebaki moja.

Jioni hiyo mdogo wake mke alileta jiko lake mwenyewe. Lilikuwa la umeme, juu kioo cheusi kitupu, laini kama maji yaliyotulia. Alikuwa anasafiri kikazi mwezi mzima.

"Shemeji, litumieni mpaka nirudi," alimwambia Msasa. "Ila tafadhali, litunze. Nimelipata kwa jasho."

"Shemeji, mimi ni fundi," alijibu Msasa.

Jiko la kioo lilifanya kazi vizuri kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili maziwa yalifurika. Pakabaki doa la kahawia, duara, limeshika kama gundi. Msasa alilifuta kwa kitambaa, halikutoka. Akakwangua kwa ukucha, halikutoka. Basi akaenda stoo, akafungua sanduku lake la kazi, akachagua msasa. Si mkali ule wa mageti. Alichagua ule laini kabisa.

Doa lilitoka. Msasa alipiga mluzi.

Mkewe alirudi jioni, akaweka mfuko chini, akatazama. Kioo kilikuwa kimeingia ukungu katikati. Mikwaruzo elfu moja, duara juu ya duara.

"Umetumia nini?"

"Laini," alisema Msasa. "Sikutumia mkali."

"Umepiga msasa jiko la mdogo wangu?"

"Doa limetoka."

Mkewe alikaa kwenye kigoda. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Mume wangu," alisema, "hicho ni kioo. Hivi dirisha likiingia vumbi utachukua patasi? Mimi kule kiwandani nina mafundi arobaini chini yangu. Wote nawaweza. Ni wewe tu hapa nyumbani unayenishinda. Kila nikiamka naanza kujiuliza leo italipuka nini. Siwezi. Jumatatu nawapelekea barua ya kuacha kazi. Afadhali niondoke kwa miguu yangu kuliko kufukuzwa."

"Acha utani."

"Nimeshaiandika. Iko kwenye mkoba."

Msasa alitoka nje. Alikaa kwenye ngazi ya mlango muda mrefu. Hakuwa na hasira na mkewe. Alikuwa na hasira na majiko. Baadaye kidogo, akawa na hasira na huyo aliyeyasafisha.

Jumapili asubuhi alifanya jambo lililomtoa jasho kuliko kubeba geti. Alikwenda nyumba ya tatu kubisha hodi. Hapo aliishi Bi Sindano, fundi wa majiko. Aliitwa hivyo kwa sababu hukosi kumkuta na sindano imechomekwa kwenye kola. Ndiyo anayozibulia vitundu vya gesi.

"Karibu, jirani," alisema. "Nilikuwa nakusubiri tangu siku ile mliposimama uani na mashuka."

"Uliona, ukanyamaza?"

"Fundi mwenzangu haulizwi kazi yake. Yeye ndiye huja kuuliza."

Alikuja na mkoba wake. Alikuta majiko yote matatu yamepangwa kwenye meza ya jikoni, kama wagonjwa kwenye foleni. Mke alisimama mlangoni, amekunja mikono. Binti alikaa juu ya ndoo. Bibi alisogezewa kiti, maana alisema hawezi kukosa.

Bi Sindano aliinua kichwa cha moto cha jiko la gesi, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hesabu vitundu vinavyopitisha mwanga."

Msasa akahesabu. "Saba."

"Viko ishirini na nne. Vingine umeviziba mwenyewe kwa unga wa msasa wako. Gesi haipati pa kutokea sawasawa, haichanganyiki na hewa, moto unakuwa wa njano, sufuria inakuwa nyeusi. Moto mzuri wa gesi ni wa bluu, na umetulia. Ukiona njano inayorukaruka, jiko linakuambia kitu."

"Sasa lisuguliwe na nini?"

"Nani kakwambia lisuguliwe? Mageti yako ukishayasugua unafanyaje?"

"Nayapaka rangi."

"Hili jiko utalipaka rangi? Geti unalikwangua kwa sababu utalivika nguo mpya. Jiko halina nguo nyingine. Ukiivua hiyo ya juu, kutu inaingia."

Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemweleza Msasa kwa lugha ya kazi yake.

"Haya, fanya wewe," alisema Bi Sindano. "Mimi sikuja kukuoshea."

Kwanza alimfanya afunge gesi kwenye mtungi na kuhakikisha jiko limepoa. Msasa akavitoa vyuma vya kuwekea sufuria na vile vichwa vya moto, akavizamisha kwenye maji ya moto kiasi yenye sabuni ya vyombo. Wakasubiri nusu saa.

"Nusu saa nzima tunatazama maji?" Msasa alinung'unika.

"Sabuni inafanya kazi. Muda ndio nguvu yako sasa. Mgongo si umekataa?"

Bibi akacheka mpaka akakohoa, safari hii kweli.

Uchafu ulipolainika, Msasa alivisugua kwa mswaki wa zamani na upande laini wa sifongo. Vitundu akavizibua kimoja kimoja kwa sindano.

"Mimi nilikuwa natumia njiti ya kiberiti," mkewe alisema kutoka mlangoni.

"Njiti inavunjikia ndani," alisema Bi Sindano. "Kumbe mko wawili."

Mke akashusha mikono.

Uso wa jiko haukumwagiwa maji. Palipokuwa na uji ulioganda, Bi Sindano alichanganya bekingi soda, ule unga wa kuumulia keki, na maji kidogo mpaka ukawa kama dawa ya meno. Wakaupaka, wakauacha dakika kumi na tano, wakaufuta kwa kitambaa kilichokamuliwa. Saruji yote ikatoka bila kelele. Msasa aliangalia kitambaa, akaangalia jiko, akaguna.

"Nikiongeza dawa ya kung'arisha nguo na siki, si litang'aa zaidi?"

Bi Sindano aliweka kitambaa chini. "Hivyo viwili usivichanganye kamwe! Vinatoa moshi wa sumu. Utaua watu humu ndani. Siki peke yake, sawa. Sabuni peke yake, sawa. Usiwe mpishi wa dawa."

Vichwa vilifutwa, vikaachwa juani mpaka vikakauka kabisa. Vikarudishwa, kila kimoja kikakaa sawa mahali pake. Kisha Bi Sindano alipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na kwenye maungio, akafungua mtungi.

"Pakitoa mapovu yanayokua, hapo panavuja. Unafunga, unamwita fundi. Usitafute uvujaji kwa kiberiti. Atakayeupata kwa kiberiti hatarudi kusimulia."

Mapovu hayakukua. Msasa akawasha. Moto ukatoka pande zote, wa bluu, kama taji. Binti alipiga makofi mawili akaacha.

Jiko la koili lilikuwa na habari mbaya. Bi Sindano aliipima koili kwa mashine yake ndogo, akatikisa kichwa.

"Hii imekufa. Tutaweka nyingine. Sikiliza kabla hujaiua na hiyo. Koili haizamishwi majini. Chomoa waya ukutani. Subiri ipoe. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Mafuta yaliyobaki, ikikauka washa dakika chache, fungua dirisha, yataungua yenyewe. Kisahani cha chini ndicho cha kuosha kwa sabuni. Hicho kioshe mpaka uchoke."

"Na yale majiko ya bamba zima, la duara?" Msasa aliuliza. Hakuna aliyemtuma kuuliza. Bi Sindano alimtazama vizuri.

"Hayo nayo hayataki maji mengi. Futa, kisha liwashe kidogo likauke. Paka mafuta ya kula, tone tu, lisishike kutu."

Wakafika kwenye kioo. Bi Sindano alikipitishia ukucha polepole, akakiinamia kwenye mwanga.

"Ufa hakuna. Mngeona ufa, hata mwembamba kama unywele, msingeliwasha tena, maana maji yakipenya yanakutana na umeme. Mna bahati."

"Na mikwaruzo?" mke akauliza.

"Haitoki."

"Kabisa?"

"Kabisa. Mtaishi nayo. Jiko litapika, ila uso ndio huo."

Msasa alikiinamia kioo. "Nilipaswa kufanya nini na lile doa?"

"Liache jiko lipoe. Weka ule unga juu ya doa, funika kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, kaa robo saa. Futa. Likibaki gumu, chukua kikwangulio cha wembe cha vioo, kilaze karibu kabisa na kioo, sukuma taratibu. Usikisimamishe. Malizia na siki kidogo na kitambaa laini. Waya wa kusugulia hapana. Mchanga hapana. Majivu hapana. Msasa..." Akamtazama. "Sihitaji kusema."

"Usiseme," alisema Msasa.

"Na sufuria inainuliwa, haiburutwi. Chini ya sufuria kukiwa na chembe ya mchanga, ni msasa huo huo."

Bi Sindano alipoondoka, Msasa alichukua simu, akampigia shemeji yake mbele ya wote. Hakuzunguka mbuyu. "Shemeji, nimelikwaruza jiko lako. Kwa mikono yangu, kwa msasa. Halina ufa, lakini haliponi."

Sauti kwenye simu ilikuwa kali, na ilichukua muda mrefu. Msasa alisema "ndiyo" mara tisa. Akakata. Akamgeukia mkewe.

"Kesho usiipeleke ile barua. Nipe asubuhi moja. Uji usipokuwa tayari saa kumi na moja na nusu, ipeleke."

"Asubuhi moja," mkewe alisema. "Sina ya pili."

Jumatatu, Msasa aliamka mapema kuliko kuku wa jirani. Alifungua mtungi, akanusa, akawasha. Bluu. Uji ukachemka. Saa kumi na moja na dakika ishirini Bibi alikuwa ameshameza vidonge vyake, analalamika kwamba uji una joto mno. Mkewe alikunywa chai amesimama. Alisimama mwenyewe tu, hakukuwa na haja. Alikuwa na haraka ya mazoea.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi alikuwa kituoni. Basi la kiwanda likafika limechelewa dakika saba. Alipanda, akamwonyesha dereva saa yake ya mkononi.

"Mama, kulikuwa na foleni," dereva akasema.

"Wenzako tuna majiko matatu na tumewahi," alimjibu, akaenda kukaa.

Tangu hapo jiko la gesi likafutwa kila usiku baada ya chakula, likiwa limepoa, na kila Jumamosi vichwa vikaingia kwenye sabuni. Kilichofurika kilifutwa siku ileile, kabla hakijawa saruji. Uji hauchukui tena saa nzima na sufuria hazina masizi. Majirani wawili walishakuja kumwuliza Msasa jinsi ya kuzibua vitundu. Aliwaeleza kwa ukali, kama aliyezaliwa anajua. Watu ndivyo tulivyo.

Miezi mitatu ilipokwisha, mkewe alirudi nyumbani ameshika bahasha. Alipita sebuleni bila kuvua viatu, akaingia jikoni. Msasa alikuwa ameinama kwenye beseni, mswaki mkononi, povu mpaka kwenye viwiko. Kwenye jiko la kioo, ambalo shemeji aliporudi alikataa kulichukua, maharage yalikuwa yametoka kuepuliwa.

"Wamenipa kazi," mkewe alisema. "Ya kudumu. Barua hii hapa."

Msasa alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. "Nisomee, mikono yangu ina sabuni."

Mkewe akamsomea yote, mpaka muhuri. Kisha akanyoosha mkono aiweke barua mezani, juu ya kile kioo cheusi.

"We mwanamke!" Msasa alipiga kelele. "Halijapoa hilo!"